Kinda la Bundi na Mganga wa Kilemba

Paukwa!

Pakawa!

Nitoe nisitoe?

Toa, tunasikia!

Siku ile uwanjani alikuwapo Jumbe Pazi, mkubwa wa kijiji cha Kweme. Alikuwapo Shomvi, mwindaji. Alikuwapo Bibi Mashavu, msuka mikeka. Alikuwapo Sikudhani, na mwanawe mgongoni. Ninawataja kwa majina, wasije wakasema hawakuwapo.

Na alikuwapo mgeni mwenye kilemba kikubwa, aliyejiita Mganga Sururu. Mganga gani, wanangu? Alikuwa zimwi! Chini ya kilemba, kisogoni, alikuwa na mdomo wa pili. Kila usiku alivua kilemba, akala mbuzi wa watu kwa mdomo ule. Bundi peke yao walimwona. Walipiga kelele, naye akakimbia kabla hajashiba.

Basi zimwi aliwaambia watu, "Mbuzi wenu wanakwisha kwa sababu ya bundi. Ndege hawa wanaita mauti. Waueni!"

Na watu wakaamini! Watu wazima, na ndevu zao! Wakaukata mkuyu walimotaga bundi, wakawapiga kwa fimbo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bundi anammezaje mbuzi.

Kinda moja lilianguka majanini, bawa limevunjika. Sikudhani alilikuta likihema. Akalifunika kwa kanga, akalipeleka kwa Bibi Mashavu.

"Bibi, nitalifungaje?"

"Wewe mtoto, unataka tufukuzwe sote?" Bibi akanung'unika. Lakini huku akinung'unika alipasua ukindu mwembamba, akalifunga bawa mwenyewe, taratibu, kama anayemvisha mtoto mchanga. "Mimi sikuona ndege hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Basi Sikudhani akalilisha panzi asubuhi, mijusi mchana, panya jioni. Hakulichezea wala hakulipa jina.

"Wewe si wangu," aliliambia. "Wewe ni wa mwituni. Pona, uende."

Siku moja Shomvi alipita nyuma ya nyumba, akalisikia likilia. Mbio mpaka kwa mganga. Kesho yake, ndiyo siku ile niliyoitaja, watu wote wakaitwa uwanjani. Sikudhani akaja amelificha kinda kifuani, ndani ya kanga.

Zimwi akasema, "Sikudhani, nipe ndege huyo."

"Sikupi. Bawa lake halijapona."

"Binti yangu, mpe," akasema Jumbe Pazi. "Ni ndege tu."

"Nipe ndege huyo!"

"Sikupi. Bawa lake halijapona."

"Jamani, mwenzetu amezaa pacha!" akasema Shomvi. "Mmoja ana manyoya!" Na watu wakacheka. Walicheka, wanangu!

"Nipe ndege huyo! Usiponipa ndege, nipe mtoto."

Kicheko kikakatika. Jumbe akatazama chini. Shomvi akatazama chini. Wote wakatazama chini. Mtoto wa mtu anaombwa hadharani kama kuku wa mchuzi, na wanaume wazima wanahesabu vidole vyao vya miguu!

Bibi Mashavu tu ndiye aliyesimama mbele ya Sikudhani. "Mganga gani anayetaka watoto? Utanipita mimi kwanza!"

Zimwi akamsukuma bibi, akanyoosha mkono kwa mtoto. Basi kinda likafurukuta, ukindu ukakatika, likachomoka. Likapiga bawa moja. Likapiga la pili. Likapiga yote mawili, likakirukia kilemba kwa kucha.

Kilemba kikaanguka. Watu wakauona mdomo wa kisogoni, meno yamejaa manyoya ya mbuzi.

"Zimwi!"

Wakaokota mawe na magongo, wakamfukuza. Alikimbia, mdomo wa mbele ukitukana, wa nyuma ukilia, mpaka ng'ambo ya mto, na Kweme hakurudi.

Jumbe Pazi akajifuta jasho. "Mimi nilimshuku tangu mwanzo."

"Ulimshuku?" akauliza Sikudhani. "Ulimshuku, ukaniambia nimpe?"

Jumbe akatazama chini tena.

Hadithi yangu inaketi hapa, imechoka. Wanangu, mtu akiwaambia kiumbe fulani ana mkosi, auawe, ulizeni kwanza: akifa, nani atashiba? Na mnyonge akionewa mbele yenu, msitazame chini.

Kinda lile lilikaa juu ya paa siku mbili, kisha likaenda zake. Mkuyu ulikuwa umeshakatwa. Kwa miaka saba hakuna bundi aliyetaga Kweme.