Uyoga wa Dirra

Hapo zamani, mchanga ulipokuwa bado hauna mwenyewe, palikuwa na jangwa liitwalo Dirra. Dirra ilikuwa na kisima kimoja, na kisima kilikuwa na bwana mmoja, Dabasso. Babu zake ndio waliokichimba, na hilo hakuna aliyelibishia. Watu walinywesha ngamia wao kwa zamu, wakampa maziwa, maisha yakaenda.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Migunga ikapukutisha majani ikabaki miiba. Choroa wakahamia mbali, ndege firigogo wakaacha kuja kunywa asubuhi, ngamia wakakauka viwele. Alasiri moja ikanyesha mvua, moja tu, ya radi nyingi, ikakatika. Haikutosha kuotesha nyasi. Ilitosha kuotesha uyoga wa mchanga, ule unaokua chini, mviringo kama kiazi, usioonekana ila kwa ufa mdogo unaopasua mchanga juu yake.

Dabasso akawaita watu kisimani.

"Uyoga huu ni wangu," akasema. "Umekunywa maji ya chini ya ardhi, na maji ya chini ya ardhi hapa Dirra ni yangu. Nitawauzia wasafiri wa misafara ya chumvi. Atakayeuchimba, atakayeupika, atakayeula, ataondoka kisimani na wanyama wake."

Watu wakanyamaza. Kutoka pale hadi kisima kingine ni mawe meusi matupu, na ngamia waliokonda hawafiki.

Kati yao alikuwamo Talaso, mjane mwenye binti wawili wadogo, aliyekaa na mama mkwe wake, Bokayo. Talaso aliinamisha kichwa kama wengine. Aliogopa. Binti zake walikuwa wakishinda kwa kutafuna utomvu wa mgunga, na hata huo ulikuwa unakwisha.

Walipofika nyumbani Bokayo akamwambia, "Nenda kachimbe."

"Mama, si umemsikia Dabasso?"

"Nimemsikia. Nilikuwa namsikia tangu yuko mgongoni kwa mama yake, analia. Mvua haikumwomba ruhusa ya kunyesha. Chukua kijiti uende. Ukikataa nitakwenda mimi, na magoti yangu unayajua."

Talaso akaenda. Kulipopambazuka alimwona mbweha akifukua chini ya kichaka kikavu, akamfukuza, akaendelea kufukua pale pale. Uyoga wa kwanza ulitoka ukiwa na harufu ya udongo uliolowa. Akakaa chini akaula mbichi, na mchanga wake, huku machozi yanamtoka. Hakuwa na huzuni. Ilikuwa hasira, na ile hasira ndiyo iliyomwondolea woga. Kuanzia siku hiyo hakungoja kutumwa.

Dabasso alikuwa na mlinzi wa uwanda, jina lake Galgalo, mtu mzima mwenye mke na boma lake. Kazi yake ilikuwa kusoma nyayo. Jioni moja akaja akasimama mlangoni kwa Talaso.

"Mguu wako wa kushoto unaburuta," akasema. "Hata kipofu angejua ni wewe."

"Basi nenda kamwambie."

"Nimeshapitisha mbuzi juu ya nyayo zako."

Akaondoka zake. Ikawa hivyo: Talaso akichimba asubuhi, Galgalo anapitisha mbuzi asubuhi, na mbuzi wenyewe ni wa Dabasso.

Siku moja tufani ya vumbi ikamkuta Dabasso njiani, akajisitiri kwa Talaso. Mgeni hakai na njaa, na nyumba ilikuwa na chungu kimoja tu. Bokayo akapakua.

"Nyama gani hii?" akauliza Dabasso.

"Figo za mbuzi," akajibu Bokayo.

Akala. Akaomba tena. Akalamba vidole. Alikuwa bado anawasifu wapishi pale binti mdogo alipokuwa akicheza na mpira wake pembeni, mpira ukabiringika hadi mguuni kwa mgeni. Dabasso akauokota, akaunusa. Ulikuwa uyoga.

Kesho yake watu wote waliitwa kisimani. Desturi ya Dirra ilikuwa hivi: kosa moja huondoa mtu mmoja tu, na watu wa kisima ndio wanaotamka ni nani.

"Talaso alichimba," akasema Dabasso. "Talaso aondoke."

Talaso akasimama. "Ndiyo, nilichimba. Siku ya kwanza nilitumwa, siku zote nyingine nilijituma. Na kesho nikiamka nitachimba tena. Kama ni kosa, ni langu."

Bokayo akainuka taratibu, mkono mmoja gotini. "Kaa chini, mwanangu. Huyu aliogopa, mimi nikamsukuma. Bila neno langu asingeshika kijiti. Nikapika mimi, na huyu bwana nikamdanganya uso kwa uso. Kama ni kosa, ni langu."

Galgalo akaitupa fimbo yake ya ulinzi mbele ya Dabasso. "Hawa wanawake hawakukuahidi kitu. Mimi niliahidi. Ningesema siku ya kwanza, mambo yangekwisha kwa makaripio. Nilificha, na sijutii. Kama ni kosa, ni langu."

Dabasso akataka kusema, lakini Talaso alikuwa hajakaa.

"Na mgeni wetu je? Ulisema atakayeula. Nani aliomba tena?"

"Nilikula bila kujua."

"Hata wanangu walikula bila kujua kwamba mchanga una mwenyewe. Hukusema atakayejua. Ulisema atakayeula."

"Nilikula mali yangu," akasema Dabasso.

"Kama ni yako, ulipolamba vidole ukaomba tena, ulikuwa unaturuhusu."

Mtu mmoja akacheka nyuma kule, kisha mwingine. Dabasso hakucheka.

"Neno langu halirudi," akasema. "Jua halizami kabla mtu mmoja hajaondoka. Semeni ni nani."

Ngamia walikuwa wakilia hapo penye hori la kunyweshea, zamu zao zimepita. Watatu wale walisimama pamoja mbele ya watu, bibi kizee ameshika bega la mlinzi, na hakuna aliyeinamisha macho. Talaso akawatazama watu usoni, mmoja mmoja, wale wale walionyamaza siku ya kwanza, akangoja.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, jua linashuka na kisima kinangoja neno lenu. Talaso alichimba. Bokayo alituma, akapika, akadanganya. Galgalo aliahidi, akavunja ahadi. Dabasso alitunga sheria, akala, akaomba tena.

Je, nani alistahili kuondoka?