Wadudu wa Bi Sikudhani

Hapo zamani, zamani ambayo kidonda chake bado kibichi, aliishi Bi Sikudhani, mwoshaji wa watoto wachanga. Mtaa mzima ulipita mikononi mwake. Huyu alimkanda mgongo, yule alimnyoosha miguu, na waliokua wakawa wakorofi alikana kwamba aliwaosha yeye.

Kisha baridi yabisi ikamwingia. Vidole vikavimba, vikajikunja, vikakataa hata kushika kijiko. Wakati huo binti yake, Mwasiti, alikuwa na mimba ya kwanza. Bi Sikudhani akamwomba Mungu jambo moja tu: amwoshe mjukuu huyo mwenyewe.

Hospitali wakampa vidonge vya kumeza kila wiki. Akameza, akangoja, na vidole vikaanza kufunguka. Alipofungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya nazi bila msaada, alikaa kitandani akalia.

Siku ya kliniki, mama akiwa chumba cha pili anavaa viatu, daktari alimwambia Mwasiti, "Dawa inamkubali. Hata wadudu wa tumboni wameanza kurudi." Akaita mgonjwa mwingine.

Daktari alimaanisha wadudu wema, wenyeji wa tumbo, ambao ugonjwa uliwavuruga na sasa walikuwa wakirejea kwao. Lakini neno wema hakulitamka. Mwasiti naye akabeba nusu ya habari. Alipofika nyumbani alimwambia kaka yake, Shomari, kwamba mama ana wadudu tumboni, na wamerudi.

Shomari hakuuliza. Alikwenda duka la dawa akaleta vidonge vya rangi mbili, vile watu wanavyoviamini kwa kuua wadudu wa kila namna.

Mama akameza. Akaharisha mpaka akashindwa kuinuka, na ile dawa ya kila wiki ikabidi isimamishwe. Vidole vikajikunja tena, na hata dawa iliporudishwa, safari hii vikabaki hivyo. Mwasiti alipojifungua, mtoto aliogeshwa na jirani, na bibi yake akatazama kutoka kwenye mkeka, mikono mapajani.

Siku ya arobaini daktari alikuja kumjulia hali. Wote wakaketi mbele ya Bi Sikudhani.

Daktari akasema, "Kosa ni langu. Siwezi kuapa kwamba ni vile vidonge pekee, lakini neno nililirusha tu, nikaita mwingine."

Mwasiti akasema, "Kosa ni langu. Ulisema dawa inamkubali, nami hilo sikulifikisha."

Shomari akasema, "Kosa ni langu. Nilinunua dawa ya tumbo nisilolijua."

Bi Sikudhani aliwasikiliza, kisha akasema, "Wanangu, radhi zangu mnazo. Ila nami nina langu. Vidole vilikuwa vinafunguka, nami nikajiuliza, hao wadudu wabaya gani wanaoniponya? Moyo ulinikataza. Lakini mwanangu Shomari alikuwa amenisimamia na kikombe cha maji, na alikuwa na hofu, nikaona haya kumrudisha."

Mtoto akalia ndani. Bi Sikudhani akanyanyuka nusu, akaitazama mikono yake, akakaa.

Haya, enyi mnaosikia: wa kwanza alilitamka neno nusu, wa pili akalipunguza, wa tatu akalifanyia kazi, wa nne akalimeza huku moyo ukimkataza. Je, nani aliyemnyima mtoto mikono ya bibi yake?