Bastola Iliyochakaa kwa Miezi Minne

Kaeni vizuri mnisikilize, maana nikimaliza nitawauliza swali, na sitaki mtu aseme hakusikia.

Kwenye kambi ya askari wa wanyamapori ya Itindi kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza alikuwa Ambakisye, askari wa doria, na kipawa chake kilikuwa macho. Alisoma nyayo kama wengine wanavyosoma gazeti. Akiona alama ya kiatu kwenye tope alikuambia mwenye kiatu amebeba mzigo bega gani, amechoka au hajachoka, na kama alisimama kidogo kufikiri kabla ya kuvuka mto.

Wa pili alikuwa Dada Bupe, mpishi wa kambi, na kipawa chake kilikuwa masikio. Akiwa jikoni, ameipa barabara mgongo, maharage yanatokota, alisema, "Gari la maji hilo linakuja, na leo halijajaa." Watu walikwenda kuangalia na kukuta pipa nusu.

Wa tatu alikuwa Mzee Gwakisa, mtunza ghala la silaha, na kipawa chake kilikuwa kumbukumbu. Ungemuuliza nani alichukua bunduki namba kumi na moja Jumatano fulani mwaka juzi, angekutajia jina, saa, na kwamba siku hiyo mhusika alikuwa amevaa kiatu kisicho na kamba.

Watatu hawa walikuwa na mtu wao mmoja waliyempenda, naye ni Tusekile. Alikuwa askari mwenzake Ambakisye. Walitembea doria pamoja miaka sita, wakagawana maji ya chupa moja. Dada Bupe alimwekea ukoko wa ugali kila mchana, na ole wake aliyeugusa. Mzee Gwakisa ndiye aliyemfundisha kufungua na kusafisha silaha, na hakuwahi kumwita kwa jina wala cheo. Alimwita mwanangu.

Mwezi wa tatu, Tusekile aligundua ana mimba, baada ya miaka minane ya ndoa. Mkuu wa kambi, Afande Mkumbwa, akamtoa kwenye doria na kumweka getini. Bunduki ndefu Tusekile akairudisha ghalani, akapewa bastola mpya. Zilikuwa zimefika bastola kumi na nne wiki hiyohiyo: kumi na mbili za kazi, na mbili za mafunzo zinazotumia risasi hafifu. Kwa nje zote zilifanana.

Ikapita miezi minne. Akaja mkaguzi kutoka makao makuu, mtu mkavu, asiyekunywa hata chai ya kambi. Akafungua bastola moja baada ya nyingine. Alipofika ya Tusekile akaisogeza kwenye mwanga, kisha akamwita Afande Mkumbwa.

"Hii ina miezi mingapi?"

"Minne, Afande."

"Daftari linasema imepiga risasi sitini na nne, zote za shabaha. Lakini tazama hapa, chuma kimepondeka. Na hapa kimeanza ufa mwembamba. Silaha ya miezi minne haiwi hivi. Hii imepiga risasi maelfu. Nataka kujua zimepigwa wapi, na nani alizipiga."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Alikuwa anasema Tusekile amewaazima majangili bastola ya serikali.

Wakamvua mkanda. Wakamwambia asubiri siku tatu, shauri lisikilizwe; akionekana na hatia, kazi hana, na baada ya hapo ni mahakamani. Tusekile akaenda jikoni, akakaa juu ya gunia la mahindi, mikono juu ya tumbo.

"Dada Bupe," alisema, "ile bastola haijalala nje ya ghala hata siku moja. Kila jioni nimeirudisha mwenyewe."

"Najua."

"Sasa kwa nini imezeeka?"

Dada Bupe akampa ukoko. Siku hiyo Tusekile hakuula.

Siku ya tatu shauri lilianza asubuhi, ofisini kwa Afande Mkumbwa. Bastola ilikuwa mezani imefunguliwa vipande vipande. Ambakisye akasimama, akapiga saluti.

"Afande, naomba niitazame."

"Itazame, lakini usiiguse," alisema mkaguzi.

Ambakisye akainama. Alikaa ameinama muda mrefu, mpaka mkaguzi akaanza kugonga kalamu mezani. Alitazama ndani ya mtutu, akatazama triga, akatazama mifereji ambamo ile sehemu ya juu ya bastola, ambayo askari huiita slaidi, huteleza kwenda na kurudi. Mwisho akatazama pale palipopondeka. Kisha akanyooka.

"Afande, mtu aliyetembea safari ndefu, kiatu chake huisha soli nzima. Hapa sioni hivyo. Mtutu ndani bado ni mpya. Triga mpya. Mifereji bado ina rangi ya kiwandani. Palipoumia ni mahali pamoja tu, pale slaidi inaposimama ikirudi nyuma. Bastola hii haijapiga risasi nyingi. Imepiga chache, na kila ilipopiga ilijigonga yenyewe kwa nguvu."

Mkaguzi akachukua kurunzi, akachungulia mtutu. Akachungulia tena. Hakuweza kukataa.

"Haya," alisema, "risasi si nyingi. Lakini kitu gani kinaifanya ijigonge? Hizo kumi na tatu nyingine mbona hazijaumia? Amezifanyia nini risasi zake, au ameifanyia nini bastola?"

Macho ya Ambakisye yalikuwa yamefika mwisho wa njia.

Hapo Dada Bupe aliingia na chupa ya chai. Ilikuwa ni mara ya nne kuleta chai asubuhi hiyo, na hakuna aliyekuwa amemaliza ya kwanza.

"Afande Mkumbwa, naomba niseme neno."

"Sema, Dada Bupe."

"Mnapopiga shabaha mimi nipo jikoni, nawasikia. Bastola nyingine zinasema pa. Ya Tusekile inasema pa-ka. Tangu siku ya kwanza kabisa. Nilidhani ndiyo sauti yake, kama watu walivyo na sauti zao."

Mkaguzi akacheka. "Mama, sisi tuko kazini."

"Na mimi niko kazini, baba. Nijaribuni."

Afande Mkumbwa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejua gari lake linahitaji fundi kwa sababu Dada Bupe alimwambia, akaagiza bastola zote ziletwe. Zikahakikishwa moja moja kuwa hazina risasi, na ya Tusekile ikafungwa tena. Dada Bupe akaelekezwa ukutani. Mzee Gwakisa akawa anavuta slaidi ya kila bastola nyuma na kuiachia, bila mpangilio. Ka-chak. Ka-chak. Dada Bupe alikuwa anapangusa mikono kwa kanga yake. Ka-chak. Ka-chak.

"Hiyo!" alisema. "Inarudi kivivu, kama mtu aliyeamshwa."

Ilikuwa ya Tusekile. Mkaguzi akaacha kugonga kalamu.

"Tumemaliza basi," alisema Afande Mkumbwa.

"Hamjamaliza," alisema Dada Bupe. "Endelea, Mzee Gwakisa."

Ka-chak. Ka-chak. Kisha, zikiwa zimebaki mbili tu, Dada Bupe akainua kidole.

"Na hiyo si mwenzao. Hiyo imekaza, inarudi kwa hasira."

Walipoitazama namba wakakuta ni bastola mojawapo ya mafunzo. Ilikuwa imewekwa kando tangu mwezi wa tano kwa sababu ilikuwa inagoma kutema maganda ya risasi, na wote walilaumu zile risasi hafifu. Hakuna aliyekuwa ameifikiria.

Lazima niwaeleze jambo moja hapa, ndipo mtaelewa. Chini ya mtutu wa bastola ya namna hiyo hukaa springi. Risasi ikitoka, slaidi inarushwa nyuma, na springi ndiyo breki yake. Inaizuia isigonge kwa kishindo, kisha inairudisha mbele. Risasi yenye nguvu inataka springi ngumu. Risasi hafifu inataka springi laini.

Mzee Gwakisa alizitoa springi za bastola zile mbili akazilaza mezani. Kwa macho zilikuwa pacha. Akampa mkaguzi azibonyeze kwa kidole gumba, kwanza ya Tusekile, halafu ya mafunzo. Mkaguzi akabonyeza, akarudia.

"Ya huyu binti ni laini," alisema polepole. "Zimebadilishana." Kisha sauti ikawa ngumu tena. "Lakini springi haina miguu. Kuna mtu alizibadilisha. Na huyu binti anajua kufungua bastola, nimeambiwa amefundishwa vizuri sana."

Basi mambo yakarudi palepale, au pabaya zaidi. Tusekile alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. Hapakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha nani aligusa nini. Chumbani mlikuwa na mtu mmoja tu aliyejua, na alikuwa amebakiza miezi miwili kustaafu. Miaka ishirini na sita ghalani bila doa. Cheti chake cha heshima kilikwisha kuandikwa, na mkewe alikwisha kutafuta mahali ukutani pa kukitundika. Angekaa kimya, nani angemuuliza?

"Ni mimi," alisema Mzee Gwakisa.

Afande Mkumbwa akamtazama. "Mzee, usimkinge."

"Simkingi, Afande. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne na robo. Nilikuwa naosha mafuta ya kiwandani kwa mafuta ya taa. Kanuni ni kuosha bastola moja, kuifunga, ndipo kuchukua nyingine. Mvua ikaanza kuingia dirishani. Nikaharakisha, nikazitia mbili beseni moja. Hiyo ya mafunzo, na hiyo. Nilijiambia, mimi sisahau, nitajua kipi ni cha ipi. Ijumaa nikasoma barua iliyokuja nazo, ikasema za mafunzo zina springi zake laini. Sikurudi kuangalia. Niliona uvivu, au niliona kiburi, sijui. Namba za bastola zote mbili ninazikumbuka. Andikeni."

Akazitaja namba za bastola zote mbili, tarakimu kwa tarakimu, bila kutazama. Mkaguzi akaandika.

Springi zikarudishwa. Bastola ya mafunzo ikatema maganda bila shida siku hiyohiyo. Ile ya Tusekile, kwa sababu ya ufa, ikaondolewa kazini kabisa. Afande Mkumbwa alimfunga Tusekile mkanda kwa mikono yake, akahangaika nao kwa sababu ya tumbo, wote wawili wakacheka huku wanalia. Mkaguzi akaomba kikombe cha chai.

Mzee Gwakisa aliweka funguo za ghala mezani kabla hajaambiwa. Miezi yake miwili ya mwisho alikaa getini, anaandika namba za magari. Cheti hakikuja.

Jioni hiyo, mbele ya jiko, watu wote wakisikia, Tusekile alisema, "Mtoto huyu nimemsubiri miaka minane, na nusura nimzalie gerezani. Atachukua jina la aliyeniokoa."

Mwezi wa tisa akajifungua msichana. Mumewe, Lusajo, ni mwalimu, mtu wa utaratibu. Alikuja kambini na kadi ya kliniki na kalamu. Waliowahi kusema "mpeni yote matatu" akawaonyesha kadi: nafasi ya jina la mtoto ni moja, na ni fupi. Na aliyeuliza msichana ataitwaje jina la mwanamume, Tusekile alimjibu kwamba jina halina suruali wala gauni.

Wakaitwa wale watatu.

"Si mimi," alisema Ambakisye. "Mimi nilisema tu bastola haijatembea sana. Mambo yangeishia hapo, wangemtafutia kosa lingine. Mpeni Dada Bupe. Bila yeye nani angeitazama ile ya mafunzo?"

"Ambakisye, acha," alisema Dada Bupe. "Usingesema wewe, wangenisikiliza mimi, mtu wa masufuria? Ule mlango uliufungua wewe. Na hata hivyo, sikio langu lilikuwa limebakiza kidogo kumfunga. Jina ni la Mzee. Sisi tulisema tukarudi kazini kwetu. Yeye alisema akapoteza kwake."

Mzee Gwakisa alikuwa amembeba mtoto.

"Mnataka mtoto huyu aitwe jina la aliyemvua mama yake mkanda? Mimi sikuokoa mtu. Nilirudisha nilichochukua."

"Ungeweza kukaa kimya," alisema Tusekile.

"Ningeweza, mwanangu. Hilo ndilo linanitisha."

Kambi nzima ikagawanyika. Askari wa doria wako upande wa Ambakisye: aliyeanza ndiye. Wanawake wa jikoni na madereva wako kwa Dada Bupe: aliyepata kitu chenyewe ndiye. Afande Mkumbwa anasema Mzee Gwakisa, halafu anasema hapana, halafu anaagiza chai.

Sasa mtoto ana wiki tatu. Kila mmoja wa wale watatu anapokuja kumbeba, hamwiti jina lolote, anaogopa kumwibia mwenzake. Lusajo amefungua kadi, kalamu iko mkononi, na Tusekile amechoka kuulizwa.

Basi nawauliza ninyi. Aliyeona, aliyesikia, na aliyekosa akasema kweli. Ungekuwa wewe unashika hiyo kalamu, ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki, ungewaambia nini?