Mabakuli Matatu ya Bi Kanga

Nabisha na ngano!

— Ingia nayo!

Niiweke wapi?

— Hapa katikati yetu!

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakipika kwenye vyungu kama sisi, palikuwa na majirani wawili. Mmoja alikuwa Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga saba. Wa pili alikuwa Bi Ngiri, mwenye mume na watoto wanne. Walikaa kwenye mteremko mmoja, Kanga juu kidogo, Ngiri chini kidogo. Katikati palikuwa na ua wa matete.

Kila mmoja alikuwa na bustani nyuma ya jiko. Bi Kanga alipanda maboga, mchicha, nyanya na migomba mitatu. Bi Ngiri alipanda vilevile. Mvua ilikuwa moja, udongo ulikuwa mmoja. Ila Bi Kanga alipalilia, na Bi Ngiri alisema atapalilia kesho.

Siku moja Bi Kanga alipika majani ya maboga kwa karanga. Akapakua bakuli, akampelekea jirani yake.

Bwana Ngiri akala, akalamba na bakuli. Akasema, "Mama watoto, hii ndiyo mboga."

"Na ninayokupikia mimi ni nini?"

Bwana Ngiri akafikiri kidogo. "Ile nayo ni mboga," akasema.

Basi, neno hilo likamkaa Bi Ngiri kooni.

Tena pale palikuwa na desturi. Jirani akikuletea chakula, bakuli lake humrudishii tupu. Unatia ulicho nacho, hata ndimu mbili. Bi Ngiri akaenda bustanini kwake kutafuta cha kutia. Akakuta magugu. Akarudi ndani, akaliweka bakuli uchagani.

Kesho yake Bi Kanga alikwenda kisimani. Bi Ngiri akapenya kwenye ua. Akayaona maboga yalivyotambaa. Akasema, "Nikizikata hizi ncha, hayatakwenda mbele tena." Akakata ncha moja baada ya nyingine, huku anaimba. Nanyi itikieni:

Nyauka, nyauka!

— Nyauka!

Bustani ya Kanga!

— Nyauka!

Tule sote magugu!

— Nyauka!

Vifaranga saba walikuwa wamejilaza kivulini, chini ya majani ya maboga. Bi Ngiri hakuwaona.

Zikapita siku chache. Maboga yaliyokatwa ncha yakachipua pembeni. Palipokuwa na tawi moja pakawa na matatu, na kila tawi likatoa maua. Bi Kanga akachuma, akapika, akaleta bakuli la pili.

"Shoga, maboga ya mwaka huu yamenishangaza," akasema. "Haya, kuleni."

"Ahsante, shoga," akasema Bi Ngiri. Meno aliyaonyesha, macho akayaficha.

Bwana Ngiri akala. "Loo! Hii imeipita ile."

Bakuli la pili likapanda uchagani.

Bi Ngiri akasema, "Sasa nitamchafulia." Bi Kanga alipokwenda tena kisimani, Bi Ngiri akabeba majivu ya jikoni, maganda ya mihogo na kinyesi cha watoto wake. Akavimwaga vyote kwenye mashina ya migomba. Siku kumi alibeba na kumwaga, na wimbo wake mdomoni:

Nyauka, nyauka!

— Nyauka!

Bustani ya Kanga!

— Nyauka!

Tule sote magugu!

— Nyauka!

Watoto wake walimwambia, "Mama, mchicha wetu hauonekani. Umefunikwa na nyasi."

"Kesho," akasema Bi Ngiri.

Taka zikaoza. Migomba ikanawiri. Mkungu wa kwanza ukawa mzito hata Bi Kanga akautafutia mti wa kuuegemeza. Ukakomaa, ukakatwa, na bakuli la tatu likaja na ndizi zilizopikwa kwa nyanya.

Safari hii Bwana Ngiri alikula, akamaliza, akauliza, "Hakuna nyingine?"

Bi Ngiri akaliweka bakuli juu ya yale mawili. Usingizi ukampaa. Kila akitazama uchaga, anaona mabakuli. Kila akitazama juu, anaona migomba ya Kanga.

Akasema, "Maji ya mvua yanapita kwake kwanza. Nikiyapeleka pembeni, atakunywa vumbi." Akapanda juu ya bustani ya Kanga, akaanza kuchimba mfereji kwa meno yake. Siku ya kwanza alichimba. Siku ya pili alichimba. Siku ya tatu alirudi nyumbani anatiririka jasho.

"Mama watoto," akasema Bwana Ngiri, "kumbe unalima siku hizi?"

"Nalima."

"Wapi? Mbona sioni?"

"Utaona."

Masika yakaingia. Haikuwa mvua ya kawaida. Ilinyesha siku tatu bila kupumua. Maji yakashuka kwa nguvu, yakaukuta mfereji, yakaufuata. Yakaizunguka bustani ya Bi Kanga, hayakugusa hata jani. Yakateremka hadi mwisho wa mfereji. Na mwisho wa mfereji ulikuwa wapi?

— Wapi?

Nyuma ya jiko la Bi Ngiri.

Mvua ilipokatika, Bi Ngiri alisimama mlangoni. Mchicha haukuwepo. Maboga hayakuwepo. Migomba haikuwepo. Palibaki mawe. Watoto wake wanne wakaanza kufukua mizizi ya nyasi, na mizizi nayo ikaisha.

Siku ya mavuno Bi Kanga akawaita majirani wote. Akasimama mbele ya rundo la maboga, akasema:

"Jamani, mwaka huu sikulima peke yangu. Kuna aliyekata ncha za maboga yangu, yakazaa mara tatu. Kuna aliyeweka mbolea kwenye migomba yangu. Kuna aliyechimba mfereji, mvua ikapita mbali. Nimemwekea fungu lake. Lile pale: maboga kumi, mkungu wa ndizi, na kikapu cha mchicha uliokaushwa. Aje aseme alichofanya na kwa nini alifanya, kisha achukue."

Kima akaruka kutoka mtini. "Ni mimi!"

"Ulifanya nini, baba?"

"Nilikata, nikaweka, nikachimba."

"Kwa nini?"

"Kwa upendo, bibi yangu."

"Na mfereji unaanzia wapi?"

Kima akajikuna. "Unaanzia... mwanzoni."

Watu wakacheka mpaka Kima akarudi mtini.

Bi Ngiri alikuwa amesimama nyuma kabisa. Akinyamaza, watoto watalala njaa. Akisema, kijiji kizima kitamjua. Mtoto wake mdogo akamvuta mkia. "Mama, yale maboga ni ya nani?"

Bi Ngiri akapita katikati ya watu. Akasema kwa sauti ndogo, "Unaanzia kwenye jiwe jeusi, juu ya mchicha."

Watu wakageuka kumtazama.

"Na kwa nini, shoga?" akauliza Bi Kanga.

"Nilitaka bustani yako iharibike."

"Waliokaa mbali hawajasikia."

"Nilitaka iharibike!" akasema Bi Ngiri. "Mume wangu aliisifu mboga yako. Nilikata ncha ili maboga yafe. Nilimwaga taka ili kwako kunuke. Nilichimba ili ukose maji. Haya, mmesikia?"

Bwana Ngiri akainama, akaanza kuhesabu kokoto.

Kifaranga mmoja akaruka. "Mama, ni yule wa wimbo!" Na wote saba wakaimba:

Nyauka, nyauka!

— Nyauka!

Bustani ya Kanga!

— Nyauka!

"Nilijua, shoga," akasema Bi Kanga. "Wanangu wanauimba wimbo huu tangu siku ile ya kwanza."

"Sasa mbona hukunikamata?"

"Nikukamate vipi? Ulikuwa unafanya kazi vizuri."

Watu wakacheka tena. Bi Ngiri hakucheka.

"Chukua fungu lako," akasema Bi Kanga. "Umelitolea jasho. Ila mabakuli yangu matatu nayataka. Na desturi unaijua."

Bi Ngiri akabeba maboga, watoto wakala. Mbegu akazianika juani. Wiki ile ile akaupeleka mfereji upande wa mabondeni, na udongo akaurudisha kwa kikapu. Alipanda. Alipalilia. Ncha alizikata za kwake, taka alizimwaga kwake. Jasho lilikuwa lilelile.

Mvua za vuli zilipokwisha, alibisha hodi kwa Bi Kanga na mabakuli matatu: moja la mchicha, moja la nyanya, moja la majani ya maboga kwa karanga.

Bi Kanga akaonja. Akatafuna. Akameza.

"Chumvi imezidi, shoga."

"Najua. Hata mume wangu kasema."

"Lakini hii ndiyo mboga."

Bi Ngiri akakaa kitako, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Ngano hii inatufundisha kwamba mwenye wivu huchoka kama mkulima yeyote, ila huchokea kwenye bustani ya mwenzake huku yake ikiota magugu. Kazi ile ile Bi Ngiri angeifanya nyuma ya jiko lake, watoto wake wasingefukua mizizi.

Ngano yangu imeiva, nimeipakua.

— Tumeshiba!

Bakuli langu nirudishieni.

— Halirudi tupu!