Usukani wa Mzee Mgaya

Wapendwa, kuna wazee wawili nataka muwafahamu asubuhi hii. Mmoja aliitwa Mgaya, mwenzake Kilasi. Tangu ujana wao walikuja ibadani kwa baiskeli za mashindano, zile kuukuu ambazo usukani wake umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Mwendeshaji lazima ainame kama anatafuta sindano barabarani. Walikuja wakikimbizana, Mgaya akiimba besi njia nzima.

Kisha Mgaya akaacha kuja. Jumapili ikapita, na nyingine tena. Kwaya ikapwaya. Watu wakaanza: "Yule amepoa. Dunia imemchukua." Si ndivyo tusemavyo?

Kilasi akakasirika, akapanda baiskeli kwenda kumkemea. Akamkuta barazani, anaimba peke yake.

"Mgaya! Sauti unayo, kanisani huji. Umemwacha Mungu?"

"Nimwache niende wapi, ndugu yangu? Ni mgongo. Nikiinama kushika ule usukani, kiuno kinachoma kama kisu. Kwa miguu sifiki. Nami niliona haya kusema."

Kilasi akaenda kuikagua ile baiskeli ya mwenzake. Akaomba spana na nyundo. Akalegeza nati ya shingo ya usukani, akaigonga, akaivuta juu hadi mwisho wake. Akaugeuza na usukani wenyewe, ncha zikatazama juu, akazipanga breki upya mahali vidole vinapofika.

"Haya, panda."

Mgaya akazunguka uwanja, mgongo wima kama bwana harusi. "Kilasi! Naona mbele! Miaka yote hii nilikuwa naona gurudumu tu!"

Kilasi akacheka mpaka machozi, akaomba ajaribu na yeye. Aliposhuka hakurudisha spana. Akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli yake mwenyewe.

"Vipi tena?" Mgaya akauliza.

"Kumbe na mimi nilikuwa naumia, bwana! Nilidhani ndio uvumilivu."

Ndugu zangu, wangapi tumewaita waasi, kumbe wana maumivu? Na wangapi tumekaa hapa tumekunja uso, tukidhani Mungu anapendezwa na viuno vinavyouma? Hapendezwi! Yeye anataka tufike, na tufike tukiimba.

Basi tukitoka hapa, kila mmoja wetu aende kwa mtu ambaye hatujamwona siku nyingi. Tusibebe lawama. Tumuulize tu, "Unaumia wapi?" Halafu tukae, tumsikilize.