Maji Yaliyofungwa

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kusimamisha nguzo nne za daraja la miguu, mahali ambapo mto ukijaa wagonjwa hukaa ng'ambo wakisubiri upungue. Jina lake Ndimbo, msimamizi wa vibarua ishirini, na alipenda sana kupendwa nao.

Siku ya nguzo ya kwanza zege lilikuwa zito. Lilikwama kwenye nondo, vibarua wakalishindilia mpaka viganja vikawachubuka, wakaanza kunung'unika. Ndimbo akaona nyuso zinamgeukia. Akaamuru ndoo tatu za maji ziongezwe. Zege likawa kama uji, likashuka lenyewe, na vibarua wakamsifu kwamba huyu ndiye bosi anayejua shida za watu.

Kwa nguzo ya pili alikuja fundi mwanamke, Sekela, na dumu la dawa ya kulainisha zege. Hakugusa ndoo ya maji. Alipima dawa kwa kikombe kidogo, akaimimina kwenye mashine ya kuchanganyia, akangoja. Zege lile lile zito likalegea, likapenya kati ya nondo bila kushurutishwa. Ndimbo akamuuliza, kwa wivu, ameongeza maji saa ngapi.

"Sijaongeza hata tone, kaka," Sekela akasema. "Maji yaliyomo yanatosha; yakizidi, zege hukauka bila nguvu. Chembe za saruji hung'ang'aniana makundi makundi na kuyafungia ndani. Dawa inaziachanisha tu, maji yanapata njia."

Maneno hayo hayakumwacha. Nguzo zote nne zilipokauka na mbao zilizozishikilia zikabanduliwa, ile yake ya kwanza ilikuwa laini kuliko zote, na watu wakaishangilia. Alisubiri wakaenda kula, akaikwaruza kwa msumari. Likamwagika vumbi. Hakuna mwingine aliyeona. Lipu ya siku moja ingeficha kila kitu. Akamfikiria mama mwenye mtoto mgongoni, katikati ya daraja, mto umefurika chini yake. Akamwita Sekela akamweleza yote, kisha akashika nyundo kubwa, akaanza kuibomoa nguzo yake yeye mwenyewe, wa kwanza. Vibarua waliporudi walimtukana, na kesho yake nusu yao hawakuja. Waliobaki waliijenga upya pamoja naye, kwa kipimo.

Nanyi mliokabidhiwa watu: wakiwa wazito mbele yenu, mnawamiminia nini ili wapite upesi, nanyi msifiwe?