Mkono Uliogoma Kupiga Makumbi

Acha kuguna. Hata hadithi haijaanza, ushakunja pua: eti mkono mzima, usio na jeraha, utagomaje? Mambo mangapi wewe umeyasahau, na bado yanakushtua? Basi tulia.

Palikuwa na wanawake watatu, kila mmoja na alilojaaliwa. Kazija alikuwa na masikio: neno likimponyoka mtu, yeye kalidaka. Riziki alikuwa na macho. Bi Mosi, mtu mzima, alijua kunyamaza, na kijijini kwao hilo lilikuwa adimu kuliko yote.

Na palikuwa na Mize, mke wa Vuai, mja mzito. Wanawake wa huko hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wakayafukua yakishalainika, wakayapiga kwa gongo mpaka zitoke nyuzi za kusokotea kamba. Mize alitwanga, alifua, alikuna nazi. Lakini akiinua gongo kupiga makumbi, siku nyingine mkono ulipiga, siku nyingine ulianguka kama si wake.

"Anajitia huyo," wakasema. Vuai naye, mbele za watu: "Mkono huo ukianguka tena, rudi nao huko kwenu!" Mume gani huyo, jamani? Mize akaapa, akalia. Hakuwa anajitia. Aliutazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Kazija, wifi yake, alizoea kujilaza naye mchana. Siku moja akamsikia akisema usingizini, kwa sauti ya kitoto: "Naushusha, mama. Naushusha."

Mize alipoamka, Kazija akamuuliza. Mize akacheka. "Wifi, umeota wewe!"

Riziki, jirani, alimwangalia pwani mpaka akaona. "Mkono wako hauanguki ovyo. Unaanguka mwanamume akikupa mgongo."

"Muongo mkubwa!"

"Haya, piga." Mize akapiga, makumbi yakarukaruka. Mara Vuai akapita mbele yao, hata salamu hakutoa, akawapa mgongo. Gongo likaanguka topeni.

Bi Mosi akayachukua waliyoyapata wale wawili, akamketisha Mize uani. "Ulikuwa ukishusha nini, mwanangu?" Kisha kimya.

"Sijui."

Kimya.

"Bibi, nimekwambia sijui! Mbona unanitolea macho kama bundi?"

Kimya. Mize akatukana, akachoka kutukana, akaanza kulia, na kilio kikamrudisha mpaka siku moja ya utotoni. Mama yake yuko chini. Baba wa kambo amempiga kwa gongo la makumbi, amelitupa, sasa anampiga mateke. Mtoto Mize ameliokota, ameliinua nyuma ya mgongo wa yule mtu. Mama anapiga kelele: "Shusha mkono!" Akaushusha. Tangu siku hiyo hakukumbuka lolote, wala hakuna aliyemkumbusha.

"Nilitaka kumuua, Bibi."

"Ndiyo. Makumbi tunayafukia wenyewe, tunajua yaliko. Hilo alilifukia mtoto, akasahau na shimo."

Mize akarudi pwani, akapiga makumbi, na Vuai amempa mgongo. Mkono haukuanguka.

Akajifungua mtoto wa kike. Kwao, mtoto akipewa jina la mtu, mtu huyo ndiye somo yake, wa kumfunda mpaka ndoa. Siku ya kutoa jina, nyumba ikawaka ugomvi, kila mmoja akitaka jina liwe lake.

"Bila masikio yangu, Bi Mosi angeuliza nini?" akasema Kazija.

"Na bila macho yangu mngejuaje kwamba ni mgongo?" akasema Riziki.

"Mlikuwa na vipande viwili mikononi," akasema Bi Mosi, "na Mize bado akaitwa mvivu, mpaka nilipoviunga mimi."

Vuai hakuona haya. "Jina ni la mama yangu. Nani amemvumilia huyu?"

"Umenivumilia?" Mize akasimama. "Ulinifukuza mbele za watu! Na hawa watatu wamesikia, wameona, wamenyamaza. Kule shimoni, kufukua, nilikwenda peke yangu. Mwanangu kwa nini asiitwe Mize?"

Basi wewe uliyekuwa ukiguna, sema sasa: mwenye masikio, mwenye macho, aliyenyamaza, au aliyekwenda? Je, ungempa nani jina? Jibu upesi, maana Mize amechoka kuwasikiliza. Amembeba mwanawe, ametoka, na mlango ameufunga.